Jinsi ya kumwita Vladimir bila kukosea

Nilisoma Voronezh, mji wa Urusi, bwenini nikikaa chumba kimoja na Vladimir. Hilo ni jina la pasipoti. Mama yake akipiga simu alimwita Vova. Sisi wenzake, Volodya. Usikimbilie "Vlad": kwa Warusi hicho mara nyingi ni kifupi cha Vladislav, jina jingine kabisa.

Mkazo uweke kwenye "di". Kwetu ni rahisi, maana ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho. Ila ukiongeza "i" ukasema Vladimiri, mkazo unahamia "mi", na jina linaharibika. Mwalimu mwite pamoja na jina la babaye: Vladimir Ivanovich, mwana wa Ivan.

Kuhusu maana, kipande cha kwanza cha jina, "Vlad", ni utawala. Kipande cha pili kilimaanisha ukuu, baadaye watu wakakisikia kama "mir", yaani amani au dunia. Jina lilivuma kwa mtawala wa Kyiv aliyebatizwa mwaka 988.

Poland utakuta Włodzimierz, Belarus Uladzimir. Mwukraine akijitambulisha kuwa Volodymyr, tafadhali mwandike hivyo hivyo. Usimgeuzie kwa Kirusi. Jina lake ndilo hilo.