Jinsi ya kuikata URI (jina la kutambulisha kitu, kama linki ya ukurasa) kipande kwa kipande, halafu ukaipa kurasa yako jina lisilooza

Fungua notipadi ubandike hii:

https://example.com/vitabu/Ushairi?ukurasa=2#sura3

Hatua ya 1. Cheki kilichopo kabla ya nukta pacha ya kwanza. Hapa ni https, hiyo ndo skimu, inakwambia jina lisomwe kwa sheria zipi. Ukikuta mailto ni anwani ya barua pepe, ukikuta urn:isbn: basi ni kitabu, na hapo hakuna seva ya kupiga hodi, ni jina tupu, ila URI halali kabisa.

Hatua ya 2. Baada ya mikwaju miwili (//) anakaa mwenye nyumba, yaani jina la seva, example.com. Herufi kubwa au ndogo poa tu, EXAMPLE.COM ni uleule. Namba ya poti (mlango wa kuingilia seva) haijaandikwa kwa hiyo brauza inachukua 443 yenyewe.

Hatua ya 3. Njia, /vitabu/Ushairi, na hapa ndo wengi tunaumia. Ushairi na ushairi ni majina mawili tofauti, sasa wewe umejaribu kwenye Windows yako ambayo kwa kawaida haijali, kila kitu kinafunguka, unapandisha kwenye seva ya Linux, 404 (ukurasa haupatikani) kila kona. Andika herufi ndogo tu uishi kwa amani. Nafasi nayo usiiweke, inageuka %20 na linki inakuwa kama imeng'atwa na panya.

Hatua ya 4. Kuanzia alama ya kuuliza ni maswali kwa seva, ukurasa=2. Basi.

Hatua ya 5. Kuanzia # ni kipande cha ndani ya ukurasa, na hiki HAKITUMWI kwa seva, kinabaki kwa brauza. Mimi nilikesha usiku mzima nakitafuta kwenye logi za seva (daftari la maombi yaliyoifikia), nikadhani logi mbovu kumbe mbovu ni mimi. Jionee mwenyewe: soma logi ya seva yako, utakuta mstari wenye GET /vitabu/Ushairi?ukurasa=2 na sura3 haipo.

Hatua ya 6. Sasa ipe yako jina. Toa .php (kiishio cha faili la programu), toa jina la idara, toa neno "mpya" (mpya hadi lini?), maana kesho ukibadilisha programu au idara ikivunjwa jina linakuwa uongo. Tim Berners-Lee, aliyebuni Web, alishalisema hili tangu 1998. Na kama tayari umeharibu, usifute la zamani, weka 301 (jibu la seva kwamba ukurasa umehama kabisa) ielekeze kwenye jipya, kisha fungua linki ya zamani uone kama inakufikisha.