Kila Tarehe Ina Mwenyewe: Namna ya Kupanga Mwaka Mzima wa Sherehe na Matembezi Mjini

Mwaka wa kwanza nilipoazimia kwamba familia yangu haitapitwa tena na mambo mazuri ya mji tunaoishi, nilitafuta orodha ya matukio ya mwaka uliotangulia, nikainakili kama ilivyo kwenye kalenda ya ukutani, yote kwa wino. Kufikia mwezi wa tano nusu yake ilikuwa imekatwa. Tamasha moja tulilifikia wiki moja baada ya kumalizika. Bustani tuliyoiendea kwa ajili ya maua tulikuta imebaki majani, na mwanangu aliyekuwa na miaka sita akaniuliza, "Mama, maua yako wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Huu ni mwaka wa saba napanga. Siku hizi siandiki kitu kwenye karatasi kabla ya kujiuliza swali moja: tarehe hii mwenyewe ni nani? Yaani, ni nani au ni nini kinachoamua tukio liwe lini? Nimeona majibu ni manne tu. Kuna tarehe za kalenda, kuna za mwezi wa angani, kuna za miti na hali ya hewa, na kuna za ofisi. Ukishajua tarehe iko mikononi mwa nani, unajua pia uiamini kiasi gani.

Vifaa vyenyewe ni vichache: karatasi moja kubwa inayoonyesha miezi yote 12 kwa pamoja, kalamu ya wino, penseli, kifutio na daftari dogo. Simu naitumia kunikumbusha, lakini sipangii humo. Kwenye simu unaona mwezi mmoja mmoja, na migongano mingi hutokea mwisho wa mwezi mmoja na mwanzo wa unaofuata.

Anza na za wino

Tarehe za kalenda ndizo rahisi, kwa hiyo zimalize mapema. Sherehe za San Fermín mjini Pamplona, Hispania, huanza tarehe 6 Julai na kuisha tarehe 14, kila mwaka. Mashindano ya farasi ya Siena, Italia, hufanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Songkran, mwaka mpya wa Thailand, ni tarehe 13 hadi 15 Aprili. Siku ya muziki wa barabarani iliyoanzia Ufaransa mwaka 1982 ni tarehe 21 Juni, na leo inaadhimishwa katika miji ya nchi nyingi. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho tangu mwaka 1977. Makumbusho mengi huandaa jambo la pekee siku hiyo, hivyo iandike hata kama hujui bado utakwenda lipi.

Zipo pia zinazofuata siku ya wiki badala ya tarehe. Hapa soma maneno kwa makini. Gwaride la Siku ya Shukrani mjini New York ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Ya nne si sawa na ya mwisho, kwa sababu Novemba nyingine zina Alhamisi tano. Na usiliamini jina: Oktoberfest, sherehe ya bia ya Munich, Ujerumani, huanza Septemba, ikaisha Oktoba ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ilianza Oktoba kweli mwaka 1810, baadaye ikarudishwa nyuma hadi Septemba ili ipate siku zenye joto zaidi. Anayekwenda katikati ya Oktoba atakuta mahema yanabomolewa.

Kisha fuata mwezi wa angani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilipotea. Sherehe zinazofuata mwezi hazihami zote kwa namna moja, na ukielewa kwa nini, mwaka mzima unakaa sawa.

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na hauongezewi chochote kuufikisha kwenye mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani na Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Kalenda za Kichina na za Kihindu nazo zinahesabu miandamo, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo sherehe zake hucheza ndani ya msimu uleule. Mwaka mpya wa Kichina hauvuki kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na sikukuu ya taa huufunga siku ya kumi na tano. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Kama mjini kwenu kuna mtaa unaowashwa taa za Diwali, giza hilo la angani ndilo linaloupamba. Nendeni baada ya jua kuzama, msiende jioni mapema.

Idi naiandika kwa penseli, na si siku moja bali tatu: ile ya hesabu, moja kabla yake na moja baada. Mpaka mwezi uandame, hakuna aliye na uhakika. Kwa hiyo usikate tiketi isiyorudishiwa fedha ndani ya siku hizo tatu.

Pasaka ni ufunguo wa robo nzima ya mwaka. Kwa hesabu za kanisa, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofika tarehe 21 Machi au baadaye, na haitoki nje ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Ukishaipata, hesabu siku 46 kurudi nyuma: hapo ndipo ilipo Jumatano ya Majivu. Kanivali za Rio de Janeiro, Venice na miji mingine mingi hufikia kilele siku za kabla ya Jumatano hiyo, kwa hiyo umezipata bila kuzitafuta. Hesabu siku 49 kwenda mbele, umefika Pentekoste. Na kama mjini kwenu kuna Waorthodoksi, tafuta Pasaka yao peke yake. Mwaka 2024 moja ilikuwa tarehe 31 Machi na nyingine 5 Mei. Mwaka 2025 zote mbili zikawa tarehe 20 Aprili. Mimi napenda miaka ya Pasaka mbili, maana unapata misafara na nyimbo mara mbili.

Miti haisomi kalenda

Za maua ndizo nizipendazo kuliko zote, na ndizo zilizoniumiza zaidi. Kyoto, Japani, wana kumbukumbu za kuchanua kwa maua ya mcheri tangu karne ya 9. Mwaka 2021 yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika zaidi ya miaka 1,200 ya kumbukumbu hizo. Washington, ambako miti ya kwanza ya namna hiyo ilifika kutoka Tokyo na kupandwa mwaka 1912, siku ya kilele huhesabiwa pale asilimia 70 ya maua ya miti ya aina ya Yoshino iliyozunguka bwawa lao yanapofunguka. Baada ya hapo una siku chache tu. Mvua moja yenye upepo inatosha kuyamaliza.

Kwa hiyo usiandike siku. Chora mstari wa penseli wa wiki tatu, na ndani ya wiki hizo usiahidi mtu kitu kikubwa mwishoni mwa juma. Kisha chagua mti mmoja unaoupita kila siku uwe shahidi wako. Wangu uko njiani kwenda kazini, karibu na kituo cha basi. Vichomozo vikianza kuonyesha rangi, nampigia mama mkwe, ambaye anatembea na mkongojo na anahitaji siku moja ya kujiandaa. Yakifunguka ya matawi ya juu, tunakwenda kesho yake asubuhi, hata ikiwa katikati ya wiki. Asubuhi mabenchi bado hayana watu na mwanga uko chini, unapenya kwenye petali. Watoto wakichelewa shule saa moja kwa ajili ya hilo, mimi naona ni halali. Mume wangu haoni hivyo, na kila mwaka tunalizungumza.

Kanuni hiihii inafaa kwa jakaranda za Pretoria mwezi Oktoba, kwa majani yanayobadilika rangi katika miji ya kaskazini, na kwa ndege wanaopita na misimu. Kumbuka pia kwamba kusini mwa dunia misimu imegeuka: Desemba ya Sydney ni kiangazi.

Liko jambo moja linalosimama kati ya kalenda na anga. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua huzama likiwa sawasawa na mitaa ya Manhattan, New York, inayokwenda mashariki na magharibi. Tarehe zinajulikana kabla, ila wingu moja linaweza kulifunika lote. Miji mingi yenye mitaa iliyonyooka ina siku zake za namna hiyo. Tafuta mtaa wenu unaelekea wapi, chungulia jioni kadhaa, utaipata bila tiketi.

Ofisi hubadilisha mawazo

Maonyesho, matamasha ya muziki, majengo yanayofunguliwa kwa umma: haya yapo mikononi mwa watu, na watu huahirisha. Maonyesho ya sanaa ya Venice, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, yalikuwa yamekaa kwenye miaka ya witiri. Baada ya kuahirishwa kwa sababu ya janga la korona yakahamia miaka ya shufwa, 2022 na 2024. Aliyekuwa akihesabu kwa mazoea alikosea mwaka mzima.

Kwa tukio la ofisi andika tarehe mbili: ya tukio, na ya tiketi kuanza kuuzwa. Hiyo ya pili ndiyo muhimu, na mara nyingi hutangulia kwa miezi. Andika pembeni siku ya mapumziko ya kila mahali, maana hazifanani hata ndani ya mji mmoja. Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na ya Orsay hufungwa Jumatatu. Niliwahi kumpandisha mama mkwe ngazi ndefu hadi kwenye mlango wa makumbusho uliofungwa. Hakulalamika. Alikaa kwenye ngazi, akapumzika, akashuka. Tangu siku ile napiga simu kila mahali wiki moja kabla, hata nikiwa na uhakika.

Sasa punguza

Karatasi ikishajaa, chukua kifutio. Bakiza tukio moja kubwa kwa kila mwezi na moja dogo lisilohitaji tiketi. Acha mwezi mmoja mtupu kabisa. Kwetu ni ule wa mitihani ya watoto. Miezi ya mvua au ya jua kali iwekee mambo ya ndani. Likizo ya kazini omba kwa ajili ya tarehe za wino, lakini bakiza siku mbili mkononi kwa ajili ya miti. Na urefu wa kila safari upime kwa yule anayechoka mapema kuliko wote, si kwa mwenye nguvu. Kwetu huyo ni mama mkwe, kwa hiyo hatukai popote zaidi ya saa tatu, na nimeona hata watoto hurudi na furaha zaidi hivyo.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kulala, andika kwenye daftari: tulikwenda lini, foleni ilikuwa saa ngapi, kivuli kilikuwa upande gani, nini kilikuwa kimeshapita. Mistari mitatu inatosha. Ukurasa wangu wa mti wa kituo cha basi una tarehe sita sasa, na tatu za mwisho zimekuwa zikiwahi zaidi kila mwaka. Mwaka huu mstari wa penseli nimeuanzisha siku nne mapema, na mama mkwe ameshaweka viatu vyake karibu na mlango.