Rangi ya kucha idumu: piga tupa kabla ya kulowesha

Kama rangi yako hubanduka siku ya pili, mara nyingi chanzo ni maji. Kucha hufyonza maji na kutanuka. Ukizipaka papo hapo, zikikauka hunywea na rangi huachia. Kwa hiyo piga tupa kwanza, zikiwa kavu, ukielekea upande mmoja tu, maana kusugua huku na huku huchana ncha.

Kisha lowesha vidole dakika 5 kwenye maji ya vuguvugu yenye kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Hapa ndipo raha ilipo, usiharakishe. Sukuma ngozi ya shina la ukucha taratibu kwa kijiti kilichozungushiwa pamba. Usiikate kamwe! Ndiyo inayozuia vijidudu kuingia.

Subiri nusu saa, pangusa kila ukucha kwa asetoni ili mafuta yatoke, ndipo upake tabaka mbili nyembamba, brashi ifike mpaka ukingo wa ncha, dakika 3 katikati. Kwa joto la Kisumu, paka jioni na uzime feni: upepo hukausha juu haraka, chini hubaki mapovu.