Bushi za poliyurethani zikianza kulia: tunavyozitibu gereji hapa Mtwara

Msimu wa korosho ukifunguka kuanzia Oktoba, pikapu zinazoshuka kutoka mashambani Tandahimba na Newala huniletea kesi moja mara nyingi: "Fundi, mbele panalia kama kitanda cha chuma." Nikiinama chini nakuta bushi, vile vipande vya duara vinavyokaa kwenye maungio ya chini ya gari, ngumu za rangi, nyekundu au njano. Mwenye gari alichoka kubadilisha za mpira, akafunga za poliyurethani, yaani plastiki ngumu. Kelele ikamfuata.

Kwanza elewa kwa nini zinalia, maana ukielewa hapo hutadanganywa na mtu. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, ikipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota, hakuna kinachosuguana. Poliyurethani inazunguka juu ya kibomba cha chuma kilicho katikati, sawa na bawaba ya mlango. Bawaba ikikauka inalia. Halafu ni ngumu zaidi: mpira wa kiwandani kwa kawaida uko kati ya 50 na 70 kwenye kipimo cha ugumu cha Shore A, hizi nyingi ni 80 hadi 95. Kwa hiyo sauti haimezwi, inapanda moja kwa moja kwenye bodi.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kushika spana. Mlio mwembamba ukipita matuta taratibu ni ukavu. Mlio mzito wa kugonga, "ko, ko", ni kulegea: boliti, bol joint (kiungo cha duara cha amu) au shokapu. Grisi haitibu kulegea.

Hatua ya 2: Mpate anayelia. Hapa ndipo ninapoomba uwe na subira. Zamani niliwahi kushusha loa amu (amu za chini) zote mbili za gari la mteja, nikazipaka grisi, nikazirudisha, na mlio ukabaki palepale. Ilikuwa bushi ya stablaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona; kazi ya nusu saa. Siku nzima ya mteja yule ilipotea, na bado inaniuma.

Tangu siku hiyo natumia maji ya sabuni. Mwambie mwenzako akandamize gari kwenye kona, alipandishe na kulishusha. Wewe mwagia bushi moja tu, subiri, sikiliza. Ukimya ukija, umeipata, itie alama kwa chaki. Usipopata, nenda ya pili. Anza na stablaiza, ndiyo inayolia mara nyingi na ndiyo rahisi kufungua.

Usipulize dawa ya kulegeza kutu wala kumwagia oili chafu. Utapata ukimya wa siku mbili, kisha vumbi linanasa pale na kugeuka msasa. Na ikidondokea bushi za mpira zilizobaki, zinavimba na kuoza.

Hatua ya 3: Inua gari. Zuia matairi, weka stendi mbili imara chini ya fremu. Jeki peke yake haikulindi, usiingie chini. Kama boliti za amu zina ile sahani ya kurekebishia alaimenti (mwelekeo wa matairi), chora mstari wa rangi kabla ya kulegeza.

Hatua ya 4: Fungua na usafishe. Toa kibomba. Hapa kwetu pwani, gari linalolala Shangani au Mikindani linakula chumvi ya bahari usiku kucha, kwa hiyo usishangae kukuta kutu juu ya chuma. Kisugue kwa msasa laini hadi kiteleze chini ya kidole. Futa grisi yote ya zamani, toa mchanga, kausha. Bushi yenye ufa au iliyolika upande mmoja usiirudishe.

Kisha pima jambo ambalo mafundi wengi huliruka: kibomba kinatakiwa kiwe kirefu kidogo kuliko bushi. Kikiwa kifupi, boliti inaibana bushi yenyewe badala ya kukibana kibomba. Haizunguki tena, inajikwaruza kwenye chuma, na utapaka grisi mpaka uchoke. Bushi za kuokoteza zina ugonjwa huu sana. Rudisha dukani.

Hatua ya 5: Grisi sahihi. Tumia ya silikoni, nzito, inayonata, isiyooshwa na maji. Grisi ya kawaida ya bearing inasombwa upesi, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili hazina huruma. Paka ndani ya tundu, juu ya kibomba, na kwenye nyuso za pembeni zinazogusa chuma. Watu husahau hizo za pembeni, na mlio unatokea hapo.

Kwa stablaiza ongeza hili: ondoa kutu kwenye fimbo, zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi tatu nne pale bushi inapokaa, paka silikoni juu yake, kisha funga. Tepu ile inateleza vizuri, nami naipenda kuliko grisi peke yake.

Hatua ya 6: Funga. Kaza kwa kipimo cha gari husika. Bushi za mpira zilizobaki zikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo zitachanika zikiwa zimesokotwa. Kama umegusa loa amu, peleka alaimenti.

Kuna mvumo wa barabara ambao hautaondoka hata ukifanya yote haya, kwa sababu ya ule ugumu. Kwenye pikapu ya mizigo naukubali. Kwa Noah ya familia inayokwenda Lindi na kurudi, mimi nafunga mpira na kumweleza mwenye gari sababu.

Baada ya kilomita 500 rudi ukague boliti. Gari la vumbi nalifungulia bushi na kuzipaka upya kila mvua zikiisha, mwezi wa tano, kabla njia za mashambani hazijakauka.