Kabla hujanunua rangi ya kufunika unyevu ukutani

Watu wangu wa Kisumu, ukuta wa ndani ukianza kutoa madoa tafadhali usikimbie hadwea. Mimi nilipaka rangi mara mbili, ile ya pili ilikaa vizuri hadi mvua ya mwezi wa nne ikaja, ikavimba kama malengelenge, ukiikwaruza na sarafu ya kobole inabanduka na nyuma yake kuna unga mweupe. Huo unga ni chumvi, maji yanaibeba kutoka kwa udongo na mawe halafu yakikauka yanaiacha hapo kwa plasta, na hakuna rangi inashika juu ya chumvi.

Kwa hivyo cha kwanza ni kujua maji yanatoka wapi, na hapa usimwachie fundi peke yake, toka nje uangalie mwenyewe. Kama doa liko chini, kutoka sakafuni hadi kama mita moja hivi, mara nyingi ni maji yanapanda kutoka ardhini. Angalia kama udongo umepanda ukapita ile dampi, yaani karatasi nyeusi inayolazwa juu ya msingi. Inafaa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Kwangu ilikuwa bustani ya maua, tulikuwa tunaongeza mchanga kila mwaka tukaizika kabisa, na huku Nyamasaria mchanga wenyewe ni ule mweusi unaoshika maji wiki nzima baada ya mvua. Tuliuchimba tukautoa na tukaweka mtaro wa kupeleka maji mbali na nyumba.

Doa likiwa juu, panda uangalie gata na misumari ya mabati. Likiwa karibu na bafu au jikoni, funga mifereji yote usiku, soma mita ya maji, usome tena asubuhi kabla mtu hajafungua. Namba zikisonga kuna paipu inavuja.

Halafu kuna ule ukungu mweusi wa kona nyuma ya kabati. Bandika kipande cha foili ukutani, ziba kingo zote na selotepu, kaa siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumba ni mvuke wa kupika na kuanika nguo ndani, fungua madirisha na usogeze kabati. Yakiwa nyuma ya foili, ukuta wenyewe ndio una maji. Ukungu msiuache jameni, hasa kama mtoto ana asma, na ukiusugua vaa maski.

Ukishaziba chanzo, toa plasta iliyooza hadi sentimita 30 kupita doa, manake ile ya zamani ina chumvi na itaendelea kuvuta unyevu hata maji yakiisha. Na uwe na subira, plasta mpya inataka wiki kadhaa na ukuta uliolowa sana unaweza kumaliza miezi, ndio maana naona Januari ni mwezi mzuri wa kuanza, kabla mvua ndefu. Rangi ya mafuta iache, inafungia maji ndani.

Wa kukodisha, piga picha na umwandikie landilodi mapema.

Na chukua penseli, chora mstari kuzunguka doa, andika tarehe kando. Yangu niliichora mwezi wa pili, mvua imenyesha na doa halijavuka mstari, lakini bado sijapaka.