Kuhesabu CD4 kwa kingamwili zenye rangi: linda zile mikrolita 50

Kingamwili ya CD4 hushika protini ya CD4 kwenye utando wa nje wa seli T saidizi, yaani seli nyeupe za kinga ambazo VVU hushambulia. Rangi iliyofungwa nayo hung'aa ikipigwa na leza, na saitometa, mashine ya kusoma seli moja moja, huhesabu. Hapo hakuna shida kubwa. Majibu mengi mabaya huanzia kwenye pipeti.

Damu ichukuliwe kwenye kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), chenye kifuniko cha zambarau, ikae kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, si kwenye friji. Kingamwili ndiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, gizani. Isigandishwe hata mara moja: PE na PerCP, rangi zilizofungwa kwenye kingamwili, ni protini, barafu huziharibu.

Vichupa vya kupimia huja na kidonge cha shanga ndogo chini ya kizuizi cha chuma; idadi ya shanga inajulikana, nayo ndiyo kipimo cha kukokotolea jibu. Kidonge kikiwa hakipo au kimetoka mahali pake, tupa kichupa. Weka mikrolita 20 za mchanganyiko wa kingamwili za CD3 (alama ya seli T), CD4 na CD45 (alama ya seli nyeupe) juu kidogo ya kizuizi, ncha ya pipeti isiguse kidonge.

Sasa damu. Geuza kichupa chake taratibu mara 8 hadi 10. Bonyeza pipeti mpaka kituo cha pili, vuta damu, futa ncha kwa nje, kisha sukuma ndani ya kichupa cha kupimia mpaka kituo cha kwanza tu: hizo ndizo mikrolita 50. Damu inayobaki kwenye ncha hutupwa, usiipulize. Ukipungukiwa mikrolita 5, jibu linashuka kwa asilimia 10: mgonjwa mwenye CD4 210 kwa mikrolita anasomeka 189, na chini ya 200 ndipo WHO huhesabu VVU ya hatua ya juu. Damu iliyonata kwenye ukuta wa kichupa nayo ni hasara, maana haikutani na kingamwili.

Changanya polepole, weka gizani dakika 15. Ongeza mikrolita 450 za dawa ya kuvunja chembe nyekundu, ambayo tayari imezimuliwa mara 10, changanya, rudisha gizani dakika 15. Usioshe wala usizungushe kwenye sentrifuji. Utapoteza seli na shanga, na hesabu yote itavurugika. Changanya tena kabla ya kusoma, kwa kuwa shanga huzama.

Kwenye skrini tenga limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T) kwa CD45, kisha hesabu zenye CD3 na CD4 kwa pamoja. CD4 peke yake haitoshi: monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zinayo, ingawa hafifu.

Gawa idadi ya seli za CD4 kwa idadi ya shanga zilizosomwa, zidisha kwa shanga za kichupa kizima, gawa kwa 50. Seli 2,100, shanga 6,000, kichupa cha shanga 50,000: jibu ni 350 kwa mikrolita. Idadi ya shanga huandikwa kwenye pakiti na hubadilika kila toleo, kwa hiyo isome upya kila unapofungua pakiti nyingine.