Omba kwanza, nunua baadaye

Mwenye biashara Ohio, Marekani, anayekatiwa bima ya wafanyakazi na BWC (idara ya jimbo hilo ya fidia kwa wanaoumia kazini), ana pesa ya usalama ambayo wengi hawaigusi. Ruzuku ya BWC ya vifaa vya usalama inafanya kazi hivi: kila dola 1 yako, wao wanatia 3, mwisho wao ni dola 40,000. Kifaa cha dola 20,000 kinakutoa dola 5,000 tu.

Kosa linalouma zaidi ni kununua kabla ya kuidhinishwa, maana ulichokwisha kulipia hakirudishwi. Pata kwanza bei ya muuzaji kwa maandishi, tuma maombi, subiri jibu.

Maombi yenye nguvu yanaonyesha jeraha na chanzo chake. Usiandike "tunataka kuboresha usalama". Andika: wafanyakazi wawili wa ghala wameumia mgongo wakiinama kuokota maboksi ya kilo 25 sakafuni, mara 200 kwa zamu. Kikomo cha uzito cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ni kilo 23, na hiyo ni mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda. Meza ya kunyanyulia mzigo inauleta kiunoni, na kuinama kunakwisha. Mkanda wa mgongo hauondoi kuinama, kwa hiyo usiutegemee.

Hujui uanzie wapi? Mwite mshauri wa usalama wa BWC aje kukagua, ni bure. Na tafadhali, waulize wanaobeba mizigo kabla ya kuchagua kifaa. Kisichotosha njia kati ya rafu kitaishia kona kikipata vumbi, na migongo itaendelea kuumia.